Kichungu cha Kulalia

Mashine ilisema nne.
Elfu nne, mahali penye haki ya laki moja na nusu,
nami sikuiamini. Ina uongo wake wa asubuhi
umeme wa Newala ukiyumba.

Nikamtoa damu upya, kifuniko cha buluu safari hii,
kwa kuwa ipo damu ambayo chupa ya zambarau huitia baridi:
chembe sahani hukumbatiana,
mashine ikazihesabu kumi kuwa moja.
Nikapaka kioo. Nikakitia rangi, nikakisuuza
kwa maji ya ndoo tuliyonunua, kwa ubahili,
nikainama kwenye hadubini.

Hakuna kumbatio.
Seli nyekundu zimejaa, zimetulia,
na huko pembeni sahani moja,
kubwa, changa, imetoka mfupani mbio
kuja kuziba peke yake pengo la kaya nzima.
Vijidudu vya malaria nilivitafuta, sikuviona.
Nne ilikuwa nne.

Jina kwenye chupa: Fadina Litunungu, miaka thelathini na minane,
Kitangari. Ufizi unavuja tangu juzi.
Miguuni vidoa vyekundu, ukivibonyeza havififii.
Na kwenye fomu, kwa mwandiko wa daktari mwenye haraka:
Dawa alizotumia: hakuna.

Bi Nambunga, anayepiga deki wodi ya wanawake,
aliegemea mpini wa deki akamuuliza kwa lugha ya kwao,
wala hakulitaja neno dawa:
“Jioni unatia nini kichungu mdomoni?”
Fadina akacheka, damu kwenye meno,
akafungua pindo la kanga.
Vidonge vitano na nusu vya kwinini,
masalia ya homa ya mwanawe, mwaka juzi.
“Hii si dawa. Hii ya kulalia tu,
misuli isinikaze nikishinda naokota korosho.”

Chuoni tulifundishwa jambo hili, nikaliandika, nikafaulu, nikalisahau:
kuna kingamwili iliyo kipofu.
Hupishana na sahani njiani kila siku, salamu hawapeani,
mpaka dawa ije ikae katikati yao.
Chukua mirija mitatu.
Seramu yake na sahani za mtu mzima wa afya: kimya.
Sahani hizo na kwinini: kimya.
Changanya vyote pamoja,
na shoka limepata mpini.

Kipimo hicho hakipo Newala. Mtwara mjini hakipo.
Niligandisha seramu, nikaifungia kwenye boksi la barafu
lililokuwa bado linanuka pono,
nikaisindikiza stendi kama mtoto aendaye bweni.

Sisi tuliobaki tulikuwa na kipimo cha maskini:
acha kidonge, hesabu kesho.
Tisa.
Kumi na tisa.
Siku ya tatu umeme ulikatika, sikuhesabu, sikulala.
Sitini na mbili.
Siku ya nane, laki moja na arobaini,
na Fadina hataki kusikia namba;
anauliza nani anamwokotea korosho zinazodondoka,
na vidonge vyake viko wapi, maana alivinunua.

Nikaandika kwenye kadi kwa wino mwekundu:
KWININI ASIPEWE TENA, HATA NUSU.
Akaigeuza kadi juu chini, akaikunja.
Hajui kusoma, na mimi nilikuwa najivunia mwandiko.

Jibu lilifika siku ya arobaini na moja.
Kingamwili itegemeayo kwinini: ipo.
Karatasi nzuri, muhuri mzuri.
Nikaitia kwenye faili la mtu aliyekwisha kupona.

Kadi sijui iko wapi.
Najua tu kwamba siku ile anaondoka
Bi Nambunga alilivuta lile pindo la kanga,
akafungia korosho moja mbichi, na ganda lake
linalobabua midomo,
pale pale palipokuwa na vidonge,
ili usiku, vidole vikipapasa gizani,
vikumbuke vyenyewe.